Kamusi Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Ilikuwapo nchi moja, na kwa bahati ingalipo, ambayo jina lake ninalijua vizuri ila siwezi kulitaja kwa kuwa halijazinduliwa. Kitambaa kipo, utepe upo, mkasi uko kwenye sinia. Aliyekosekana ni mgeni rasmi tu, na juzi nimesikia yuko njiani.

Watu wa nchi hiyo si wabaya, wallahi. Wanasalimiana, wanakopeshana chumvi, wanazikana. Wana desturi moja tu, kwamba kitu kipya hakitumiki mpaka kizinduliwe. Pampu ya maji ikishasimikwa hufunikwa kitambaa cha kijani, na akina mama huipita na ndoo zao wakienda mtoni, wakiitazama kwa heshima. Shule moja ilijengewa vyoo. Wanafunzi waliovingoja vyoo hivyo walimaliza shule, wakaoa, wakaleta watoto wao darasa la kwanza, na vyoo bado viko chini ya kitambaa. Sasa utamlaumu nani? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wenyeji wamekaa wanangoja kupona.

Katika nchi hiyo alikuwapo mwanamke aitwaye Mashavu binti Tindwa, mjane wa miaka hamsini na minne, mwandishi wa barua. Meza yake ilikuwa kwenye baraza ya posta. Aliwaandikia watu barua za kuomba kazi, za kuacha kazi, za kumwomba radhi mkwe na za kumkumbusha mdogo wa mtu ni nani aliyemsomesha. Hakuweza kuvumilia neno lililoandikwa vibaya. Ukimpelekea karatasi yenye kosa, alikunja uso kama aliyeng'ata jiwe kwenye wali. Kwa miaka ishirini na sita alikusanya maneno kwenye madaftari, neno na maana yake, mpaka yakafika elfu kumi na mbili.

Rukia, binti wa kaka yake, aliyesomea kompyuta, ndiye aliyemwambia, "Shangazi, hizi daftari zitaliwa na panya. Tuyaweke maneno yako kwenye simu za watu, wayatumie bure."

"Bure kabisa?"

"Bure kabisa. Mtu akikosea neno linapigiwa mstari, akiligusa anapata maana."

Wakafanya hivyo. Chini ya kila maana Rukia akaweka vitufe viwili, Nimeelewa na Sijaelewa. Mtu akibonyeza Nimeelewa, Mashavu anaarifiwa. Akibonyeza Sijaelewa, neno na jina lake vinakwenda hadi kwenye kompyuta ya Mashavu pale barazani, naye anamwandikia maelezo mengine, taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Basi watu wakaipenda mno. Wauza dawa waliitumia, makarani waliitumia, na hata wachumba walipogombana kwa ujumbe walisimama kwanza wakahakikisha matusi yao yameandikwa sawasawa.

Aliyebonyeza Sijaelewa kuliko wote alikuwa Bwana Shomari Mgaya, fundi saa, mwenye meza yake hatua sita kutoka kwa Mashavu. Huyu bwana alikuwa mpole kupita kiasi. Aliweza kufungua saa ndogo kama kifungo cha shati bila mkono kutetemeka, lakini kumwambia mwanamke habari za asubuhi kulimtoa jasho. Kwa hiyo akawa anauliza kwenye simu. Alianza na neno "subira". Akasoma maana, akabonyeza Sijaelewa, Mashavu akamfafanulia. Baada ya miezi akauliza "mjane". Halafu akauliza "upweke", na hilo hakulielewa mara kumi na moja, ingawa alikuwa akiishi nalo chumba kimoja tangu mkewe afariki. Mashavu alikuwa akilisoma jina lake kwenye kompyuta, akiinua macho anamwona palepale, ameinamia saa na jasho limefika masikioni. Mambo yalikwenda hivyo miaka minne mizima.

Siku moja likaja neno "posa". Mashavu akaandika: "Ni maombi ya mwanamume kutaka kumwoa mwanamke. Huletwa na watu wazima, na vizuri yaletwe kabla watu hao hawajazeeka zaidi. Jibu lake limekwisha kuwa tayari." Saa za Shomari zilisikika zikigonga. Kisha kompyuta ikalia. Alikuwa amebonyeza Nimeelewa.

*

Siku zilezile, huko mjini juu, Waziri wa Maneno na Uzinduzi, Mheshimiwa Gaudensi Mbwembwe, alipokea barua ya mwananchi aliyelalamikia barabara. Aliisoma mara mbili, akaigeuza nyuma, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Barua hii haina kosa hata moja," alimwambia katibu wake. "Una hakika imeandikwa na mwananchi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Siku hizi wana kamusi kwenye simu. Inasahihisha, inaeleza maana, na ni ya bure."

"Imezinduliwa na nani?"

Katibu akaangalia viatu vyake.

"Nimekuuliza, imezinduliwa na nani?"

"Haijazinduliwa, Mheshimiwa. Inatumika tu."

Waziri akakaa chini. Katika utumishi wake alikuwa ameona mengi, likiwamo daraja lililoanguka kwa kishindo cha makofi ya uzinduzi wake lenyewe. Lakini kitu kinachotumika tu, hivihivi, na watu wakafurahi bila hotuba, hakuwahi kukiona. Aliomba maji ya kunywa.

Jioni akahutubia redioni. "Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa. Nimepata habari za kusikitisha. Mnatamka maneno ambayo hayajafunguliwa rasmi. Mtu anaamka asubuhi, hakuna bendi, hakuna viti vya mbele, hakuna hata maua ya plastiki mezani, anasema 'uji'. Anasema tu na anakunywa. Tujiulize, tunakwenda wapi kama taifa?"

Kesho yake wakaja watu wanane na kitambaa cha kijani kuifunika kamusi. Walikuwa wameambiwa iko hewani. Wakaitazama hewa, wakaona ni pana kuliko kitambaa, wakaamua kufunika meza ya Mashavu, na Mashavu mwenyewe akiwa ameketi.

"Utuwie radhi mama," mmoja wao alisema akinyoosha pindo. "Ni kwa muda mfupi tu."

"Mfupi kiasi gani, mwanangu?" Mashavu aliuliza kutoka chini ya kitambaa.

"Mpaka mgeni rasmi afike."

"Basi niachie mahali pa kutolea pua," alisema Mashavu.

Huko wizarani ikaundwa kamati. Mjumbe mmoja, ambaye baadaye alihamishiwa kituo cha mbali, alipendekeza kamusi yote izinduliwe siku moja kwa mkasi mmoja. Wenzake wakamshangaa. Nchi ilikuwa na waheshimiwa zaidi ya mia tatu, na kila mmoja ana suti, ana hotuba na ana mke anayependa kupigwa picha. Kuzindua kamusi nzima kwa mkupuo mmoja ni ubinafsi. Ikaamuliwa kila neno lizinduliwe peke yake, kwa kufuata alfabeti, maneno matano kwa siku isipokuwa sikukuu. Rukia akaagizwa aweke picha ya kitambaa juu ya kila neno ambalo halijazinduliwa, kwenye kompyuta za ofisi zote. Simu za watu binafsi hazikuguswa, kwa sababu hata waheshimiwa wana simu binafsi.

Neno la kwanza katika madaftari ya Mashavu lilikuwa "abadani", ambalo maana yake ni kamwe, hata kidogo. Waziri alilizindua mwenyewe. Simu ililazwa juu ya mto wa hariri na kufungwa utepe, bendi ikapiga, Waziri akawataja waliohudhuria kwa dakika hamsini, kisha akasema itifaki imezingatiwa. Alisema "abadani" ni neno la matumaini na ni mkombozi wa mkulima wa hali ya chini. Kisha akakata utepe pamoja na waya wa kuchajia. Makofi yalikuwa mengi sana, na simu ikazimika.

*

Wiki hiyohiyo Mashavu na Shomari walikwenda bomani kusajili ndoa yao. Msajili, Bwana Domisiani, alikuwa mtu mnene mwenye huruma na ofisi isiyo na feni. Alianza kujaza fomu kwenye kompyuta, akafika mahali, akasimama.

"Kuna nini?" aliuliza Mashavu.

Domisiani akawageuzia kioo. Pale penye neno "ndoa" palikuwa na kitambaa kidogo cha kijani.

"Liko N," alisema. "Leo wako kwenye 'abiria'. Nimepiga hesabu, ni miaka saba, kama wageni rasmi hawataugua mafua."

"Na mimi nina sitini na mitatu," alisema Shomari. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote mwezi huo.

"Si ninyi peke yenu. Pale kuna jozi nyingine thelathini na moja." Domisiani alionyesha benchi ndefu ya ukumbini, ambako wachumba walikaa wawiliwawili wamevaa nguo zao nzuri. "Na waliokuja kuachana nao wamekwama, maana 'talaka' iko T. Wengine wameshachoka kungoja, wamepatana."

"Hakuna njia ya dharura?" Mashavu aliuliza.

Njia ilikuwapo. Waziri aliyezindua "abadani" siku ya Jumatatu aligundua Jumanne kwamba yeye mwenyewe si waziri tena, kwa kuwa neno hilo liko W. Barua zake zote zilitoka zimeandikwa "Gaudensi" tu, na mlinzi wa getini akamwita hivyo mara mbili kwa furaha ya wazi. Basi Jumanne ileile alijizindua kwa dharura. Alikata utepe mwenyewe, akajipigia makofi, akajishukuru kwa kufika.

Mashavu akapanda mpaka wizarani kuomba neno moja tu nalo lipite kwa dharura. Katibu alimsikiliza kwa adabu.

"Lete ombi kwa maandishi," alisema.

"Neno 'ombi' liko O, baba."

"Ni kweli," alisema katibu. "Basi utakapofika O, karibu sana. Na 'karibu' usiliandike popote, nimelitamka kama binadamu."

Mashavu alishuka ngazi moja baada ya nyingine, na sitawaficha, alilia. Si kwa sauti. Alikuwa amemzika mume, amelea wadogo zake, ameandikia watu wengine barua za mapenzi kwa miaka ishirini na sita. Sasa zamu yake ilikuwa imefika, na kati yake na Shomari kulikuwa na herufi kumi na tatu.

*

Uzinduzi ukaendelea. Waheshimiwa wakagombania "amani" mpaka wawili wakavuliwa tai. "Askari" alizinduliwa mwezi wa tatu. "Haki" iko H, na tukaambiwa foleni ni ndefu. Neno "bia" lilizinduliwa na watu wengi kuliko waliopiga kura.

Shida ilitokea kwenye "aibu". Wizara ilipeleka mialiko kwa waheshimiwa wote zaidi ya mia tatu, na siku hiyo kila mmoja alikuwa na msiba. Ikajaribiwa siku nyingine, misiba ikazidi. Mwisho kamati ikaliruka neno hilo kimyakimya, na kwenye kompyuta za serikali likabaki peke yake chini ya kitambaa, huku majirani zake wote, "ahadi" na "ajabu" na "akili", wakiwa wazi.

Waziri akashikwa na udadisi. Neno gani hili ambalo kila mtu analikimbia? Siku ya Alhamisi, kompyuta ya Mashavu ililia chini ya kitambaa. Mashavu akainua pindo akasoma. Mwulizaji alikuwa ameandika jina lake kwa mistari mitatu, pamoja na shahada zake zote: Gaudensi Mbwembwe. Neno lilikuwa "aibu". Alikuwa amebonyeza Sijaelewa.

Mashavu akamwandikia: "Ni hali ya mtu kuumia moyoni kwa jambo baya alilolifanya na wengine wamelijua."

Sijaelewa.

Akajaribu tena. "Ni kitu kinachomfanya mtu ainamishe macho mbele ya watu bila kuambiwa."

Sijaelewa.

Akashusha pumzi, akaandika mara ya tatu. "Mfano: mtu amefunika kisima, na watoto wana kiu, na yeye anachagua tai."

Sijaelewa. Na chini yake Waziri aliongeza, "Tafadhali tumia mifano ya kawaida."

*

Ilipotimia miezi kumi, D ilikwisha. "Dunia" ilizinduliwa kwa gwaride, na kwa kuwa "aga" lilikwisha kupita, sasa mtu aliweza kuaga dunia kihalali, kwa cheti na muhuri. Kuoa bado. Daktari aliruhusiwa kuandika "dawa" ila hakuruhusiwa kuandika ya nini.

Asubuhi moja Shomari aliinuka kwenye meza yake, akatembea hatua zile sita, akainua kitambaa, akaingiza kichwa.

"Mashavu," alisema. "Nimechukua miaka minne kukuuliza. Siwezi kungoja saba mingine kukuoa. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Mashavu alimtazama. Alikuwa hajawahi kumsikia akisema maneno yote hayo kwa mdomo. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana, na hakuona haya kuusikiliza. Akachukua karatasi, akamshika mkono, wakaenda bomani.

"Bwana Domisiani," alisema, "sheria inasemaje juu ya fomu?"

"Inasema iandikwe kwa maneno yaliyozinduliwa tu."

"Inasema maneno yapi?"

Domisiani akafungua kitabu cha sheria. Akakisoma mbele, akakisoma nyuma. "Haisemi," alijibu.

"Basi nipe nafasi niandike. Mimi ni mwandishi wa barua, na maneno uliyonayo wewe kwenye kompyuta hiyo niliyaokota mimi, moja moja."

Akaandika. Benchi zima la wachumba likasogea kutazama, na Domisiani akasoma kwa sauti, akiligusa kila neno kwenye kompyuta, na kila neno likapita bila kitambaa:

"Bibi Mashavu. Bwana Shomari. Ahadi: asubuhi chai, alasiri baraza. Baridi, blanketi. Dhiki, bega. Bila choyo, bila chuki, bila dharau. Daima."

Bibi mmoja wa kwenye benchi alijipangusa kwa ncha ya kanga.

"Mbona furaha haimo?" Domisiani aliuliza.

"Iko F," alisema Mashavu. "Tutaingojea nyumbani."

Domisiani akatafuta "cheti", akalikuta wazi, kwani lilizinduliwa kwa mbwembwe mwezi wa saba. Akapiga muhuri. Wachumba wa jozi zote thelathini na moja wakapanga foleni, na Mashavu akawaandikia mmoja mmoja mpaka ofisi ilipofungwa.

*

Habari zilimfikia Waziri baada ya wiki. Hakukasirikia maneno, maana yalikuwa halali. Alikasirikia jambo lenyewe.

"Ndoa thelathini na mbili mpya," alisema. "Zimezinduliwa na nani?"

Wakaja tena wale watu wanane. Safari hii walipigilia kitambaa cha kijani mlangoni pa nyumba ya Mashavu, kutoka juu hadi chini, na tangazo: Ndoa Hii Isitumike Mpaka Izinduliwe. Kwa kuwa hiyo ndiyo iliyoanza, Waziri angekuja mwenyewe. Tarehe ikapangwa, baada ya miezi minne.

Shomari akakishika kitambaa, akakipima kwa vidole. "Kizuri," alisema. "Kinazuia vumbi."

Basi wakaishi nyuma yake. Na hapo ndipo jambo dogo likagunduliwa, ambalo kabla ya hao wawili kwa karne nzima hakuna aliyelijaribu: kitambaa kikiinuliwa pindo, kinainuka. Asubuhi Shomari alikiinua akatoka na kikombe cha chai cha mkewe, jioni akakiinua akaingia. Mkaguzi wa nyumba alipokuja alisimama nje akasoma tangazo, akaondoka, kwa sababu kitu kilichofunikwa hakikaguliwi. Ndugu wa mume waliotaka kuja kukaa mwezi mmoja walifanya vivyo hivyo. Katika maisha yake yote Mashavu hakuwahi kupata utulivu kama ule, na F ilipofika, akaenda kwenye kompyuta kuangalia kama kuna mabadiliko. Hayakuwapo. Furaha ilikuwa imewatangulia kuzinduliwa.

Majirani walikuwa wanaona. Siku moja mama mmoja aliyekuwa akienda mtoni alisimama kwenye pampu ya mtaa, akatazama kushoto, akatazama kulia, akainua pindo, akapampu. Maji yakatoka. Akajaza ndoo yake, akashusha kitambaa vizuri, akakinyoosha mikunjo. Kesho yake walikuwa wanne. Mwisho wa mwezi njia ya mtoni iliota majani.

*

Siku ikafika. Bendi ikaja, viti vikaja, maua ya plastiki yakaja. Mkasi uliletwa kwenye sinia na binti aliyevaa glavu nyeupe. Waziri alizungumza saa tatu juu ya ndoa. Alisema ni nguzo ya uchumi, na akawaonya wanandoa wasiiguse kwa mikono michafu. Kisha akakata utepe, akashika kitambaa, akakivuta.

Ndani kulikuwa na meza. Juu yake vikombe viwili, kimoja kimevunjika mkono na kugandishwa na gundi. Chini ya kitanda kulikuwa na jozi mbili za ndara, zimechakaa kisigino. Ukutani kulikuwa na saa inayokwenda sawasawa, na kwenye kiti cha Shomari palikuwa na bonde la mtu anayekalia mahali pamoja kila siku.

Waziri akageuka, mkasi mkononi. "Ndoa hii imeshatumika," alisema.

Shomari, ambaye hapendi kusema mbele ya watu, alimsogelea. "Imetumika kila siku, Mheshimiwa," alisema. "Haijaharibika."

Aliyeanza alikuwa yule bibi wa kwenye benchi la bomani. Alicheka kidogo tu, puani. Halafu akacheka jirani yake, halafu safu ya nyuma, halafu mpiga tarumbeta, ambaye alicheka ndani ya tarumbeta, likatoa sauti ya mbuzi. Katibu wa Waziri alijitahidi sana mpaka machozi yakamtoka. Waziri akatafuta kitu kingine cha kuzindua, chochote kile, akaiona pampu ng'ambo ya njia. Akaiendea kwa haraka, akakivuta kitambaa bila hata hotuba.

Mpini wa pampu uling'aa kwa kushikwa. Chini yake ardhi ilikuwa imelowa, na mtoto mdogo aliyesimama hapo na kikombe akamkingia Waziri maji, kwa adabu, kama alivyofundishwa kumpa mgeni.

Waziri alikitazama kikombe. Kisha akatazama chini, kwenye tope, na akakaa hivyo muda mrefu. Hakuna aliyemwambia ainamishe macho.

Aliondoka bila kusema itifaki imezingatiwa. Bendi haikujua ipige nini, ikafunga vyombo.

Alasiri Mashavu na Shomari walikuwa barazani kama walivyoahidi, kila mtu mezani pake, hatua sita. Kompyuta ikalia. Mashavu akasoma jina, mistari yote mitatu. Neno lilikuwa lilelile, "aibu". Aliweka vidole tayari amwandikie maelezo ya nne, yenye mifano ya kawaida.

Hayakuhitajika. Mwulizaji alikuwa amebonyeza Nimeelewa.